Santuri ya Anicet

Swichi ya redio ililia "ta" kabla ya alfajiri, na Bibi Theopista akajua kwamba Anicet ameamka. Alikuwa mpangaji wake wa chumba cha uani pale mtaa wa Majengo, mjini Mpanda, kijana aliyekimbia mauaji Burundi akiwa amebeba begi la nyaya tu.

Anicet hakuwa na gita. Alikuwa na boksi la matumbo ya redio mbovu, na humo alitoa sauti za nyuki wa msitu wa Ugalla, za mvua juu ya bati, na nyingine ambayo Bibi hakujua jina lake ila ilimkumbusha mtoto aliyemzika. Betri zilipoadimika madukani, Anicet alibana nyaya mbili kwa meno na boksi likawaka. Kila wimbo ulimpunguza kimo kidogo. Basi asubuhi Bibi alipoanika betri kwenye ungo zipate nguvu, kama walivyofanya majirani wote, Anicet naye alijilaza kando, na kufikia adhuhuri alikuwa amerudia urefu wake. Suruali yake Bibi aliikunja pindo na kuifumua, bila kunung'unika.

Zikaja habari kuwa watu wa kurekodi santuri wanakuja na treni, na kwamba kila mwanamuziki wa Mpanda atapewa zamu.

"Msikilizeni huyu kijana kabla santuri yake haijatoka," Bibi aliwaambia wateja wake wa vitumbua. "Mtakuja kujisifu kuwa mlimjua mapema."

"Bibi, ule ni muziki au mzinga wa nyuki umeanguka?" aliuliza Ponsian, fundi mwashi.

"Ungekuangukia wewe, hata wimbo usingetoka."

Watu wakacheka. "Lakini ni mkimbizi, Bibi," Ponsian alisema. " Sisi tunaye Bwana Hilari na bendi yake."

Bibi alitaka sana wampende. Ndiyo maana akaongeza: "Hilari bila jenereta ni bubu. Anicet anajiwasha mwenyewe."

Hilari alikuwa amesimama palepale. Akaacha kutafuna.

Siku ya kurekodi, dizeli haikupatikana mjini. Hilari alikuja mwenyewe kumchukua Anicet, akambebea boksi, akampa kiti chenye mto. Bibi aliuona wema huo na akashukuru. Kisha wanabendi wakambanisha nyaya za vyombo vyao vyote menoni, na spika zikanguruma.

"Zamu yako ni ya mwisho, mdogo wangu," Hilari alimwambia. "Vumilia."

Bendi ilipiga nyimbo zake zote, na mbili wakazirudia kwa sababu mpiga tarumbeta alikohoa. Anicet alipungua hadi miguu ikaning'inia kitini, kisha akawa wa kukaa juu ya mto kama paka. Zamu yake ilipofika, fundi wa kinasa sauti alimwokota kwa vidole viwili. Alikuwa na kimo cha betri.

"Hii haiimbi," fundi alisema, akafunga mashine kwa upole ili isipate vumbi.

Bibi alimwanika kwenye ungo. Lakini masika yalikuwa yameingia, jua halikutoka, na kabla halijatoka Hilari alimjia tena na kumpeleka kwenye klabu ya pombe, ambako redio ilikuwa imezimika siku ya mpira. Anicet alienea vizuri mahali pa betri. Redio ile haikuzimika tena.

Santuri ya Hilari ilitoka, ikapendwa mpaka Kaliua.

Bibi alikwenda klabuni jioni na chembe ya kitumbua kwenye kitambaa. "Yule anayewaimbishia redio ni Anicet," aliwaambia wanywaji. "Ana nyimbo zake mwenyewe, nzuri kupita hizi."

"Tunajua, Bibi," Ponsian alijibu, akimsogezea kigoda. "Ila punguza sauti, tusikie goli."

Bibi alifungua kifuniko cha nyuma, akampa chembe ile. Anicet alikula taratibu. Matangazo yalififia kidogo, mtu akapiga meza, na Bibi akashika kifuniko ili afunge.

"Mama," sauti ndogo ikasema kutoka ndani, "kesho utakuja tena?"