Cheti cha Viazi

Fundi cherehani alipanda kwenye kigoda, akashusha sahani ya kwanza kutoka juu ya kabati na kuinusa. Maharage. Yalikuwa na saa ishirini na mbili tangu yaepuliwe, na pembeni yameshaanza kutoa povu.

"Haya yamekata kauli," alisema.

Mumewe, fundi rangi, alikuwa anafunga viatu mlangoni. "Mke wangu, watu wanasafiri kila siku. Wanafunga chakula, wanapanda basi, wanakula, wanafika. Wewe umefungua maabara."

"Hao watu wanasafiri na mama yako?"

Fundi rangi akarudi kwenye kamba za viatu.

Mkewe akashusha ya pili. Mkate na nyama ya kukaanga: nyama nzima, mkate mgumu lakini unalika. Ya tatu, viazi vya kuchemsha na maganda yake. Akamenya kimoja, akakibonyeza, akakinusa, akang'ata kidogo na kukiacha juu ya ulimi kama mtu anayesikiliza jambo. Kilikuwa salama. Jana alikuwa amejaribu kilichomenywa, kikachacha baada ya saa kumi na nne tu. Mbona ganda linakihifadhi? Hakujua, ila alitamani sana kujua. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa maswali yake pia.

"Mkwe," mama mkwe aliita kutoka chumbani, "nitakufa na nini leo?"

"Leo hufi, Mama. Viazi na mayai vimeshinda."

"Haya. Mimi wa kushinda na viazi."

Bibi huyo alikuwa na sukari mwaka wa tisa, na sasa ilikuwa imemfuata machoni. Hospitali kubwa ilimpangia kupasuliwa jicho keshokutwa, saa mbili asubuhi. Akiikosa siku hiyo, nyingine ni baada ya miezi saba, na jicho la kushoto halikuwa na miezi saba ya kungoja. Safari yenyewe ni saa kumi na sita barabarani, naye lazima ale kila baada ya saa tatu. Mwezi uliopita, kwenye foleni ya vitambulisho, alichelewa kula kwa saa moja tu, akaanguka kama gunia.

Saa nne fundi rangi alirudi na tiketi tatu. Sindano akazisoma mbele, akazigeuza, akasoma nyuma.

"Umeona hapa?"

"Nani anasoma nyuma ya tiketi?"

*Chakula kutoka nje hakiruhusiwi ndani ya basi.*

Sindano akajifunga mtandio, akaenda.

Karani wa kampuni ya mabasi alikuwa nyuma ya dirisha la kioo, anakula wali kwenye bakuli alilolificha chini ya meza.

"Dada, samahani. Kwa nini chakula hakiruhusiwi?"

"Usafi."

"Na hicho?"

Karani akafunika bakuli. "Mimi siko kwenye basi, mama."

"Kwa hiyo abiria wanakula wapi?"

"Kituo cha chakula. Basi linasimama saa tisa mchana. Kuna kila kitu."

"Kituo ni cha nani?"

"Cha kampuni."

"Aa," alisema Sindano, kwa sauti ya mtu aliyepata uzi uliopotea. "Na bei ya sahani?"

Karani akaitaja. Kwa pesa hiyo Sindano hushona sketi mbili za shule, na vifungo juu.

"Kuna basi jingine njia hiyo?"

"Tumebaki sisi tu."

"Basi nisaidie jambo moja. Mama yangu ana sukari. Asipokula saa tatu, na saa sita, hiyo saa tisa hataiona. Nifanyeje?"

Karani akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Dawa inaruhusiwa," alisema, akishusha sauti. "Ila iwe na cheti cha zahanati, kina muhuri."

Kwenye zahanati, nesi alimsikiliza hadi mwisho, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Unataka nimwandikie viazi?"

"Na mayai."

"Miaka kumi na moja niko hapa, sijawahi." Akavuta karatasi ya dawa. Naye sasa alikuwa ameingiwa na hamu ya kuona itakuwaje. "Jina la mgonjwa? Haya. Ugonjwa: kisukari. Dawa... viazi vya kuchemsha, viwili, na yai moja. Mara ngapi?"

"Mara tano, kila baada ya saa tatu."

"Kabla ya chakula au baada ya chakula?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko hadi wagonjwa wa kwenye benchi wakageuka.

Kilichobaki ni muhuri, nao ulikuwa kwenye droo ya mganga mkuu. Droo ilikuwa imefungwa, na mganga mkuu alikuwa semina. Sindano alikaa kwenye benchi hadi saa tisa. Mganga hakurudi. Nesi akampeleka dirisha la dawa, ambako mzee mmoja alikuwa amekaa mbele ya rafu tupu.

"Huu wangu unasema tu *Dawa imetolewa*," alisema mzee. "Utafaa?"

"Utafaa."

Akaubonyeza kwenye kidau cha wino, akaugonga kwenye karatasi. Haukuacha alama. Akadondoshea maji kidogo, akasugua kwa kidole.

"Umekauka," alisema. "Tangu mvua zilizopita sijatoa hata panadoli." Akaugonga tena kwa nguvu, na safari hii maneno yakatokea, hafifu lakini yanasomeka.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kondakta aliisoma karatasi mlangoni mwa basi. Aliisoma mara mbili, akainusa.

"Mama, hivi ni viazi."

"Soma muhuri, mwanangu," alisema mama mkwe.

Kondakta akahesabu viazi kumi na mayai matano, akavirudisha kwenye kikapu. Kisha akatoa mkate na nyama. "Cheti kina jina moja. Hii haipandi."

Sindano na mumewe wakala nyama ya mchana hapo hapo, wamesimama karibu na gurudumu, wakitafuna haraka bila hamu. Mkate uliobaki wakampa mpagazi.

Saa tatu bibi alikula. Saa sita akala tena, taratibu, ganda akiliweka kwenye mfuko. Kiti kwa kiti watu walikuwa wakimtazama. Mtoto mmoja alilia, mama yake akamziba mdomo kwa kitambaa.

"Shangazi," alisema kijana wa kiti cha nyuma, "hicho kikaratasi nacho kinapatikana wapi?"

Sindano akampa akione. Akakisoma kwa sauti, watu wakacheka, kisha mtu akakiomba, na mwingine akakiomba kwake. Mwanamke wa kiti cha mbele akatoa kalamu. Wakaanza kunakili, juu ya magoti, nyuma ya tiketi zao, mahali palepale penye katazo. Kondakta aliwaona kwenye kioo, akamwambia dereva jambo. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Mama wa yule mtoto alikuwa amefika katikati ya kunakili. Akainua kichwa.

"Samahani, Bibi. Hapa kwenye ugonjwa, mimi niandike nini?"

Bibi alitafuna, akameza, akamgeukia kwa lile jicho lake zuri.

"Kwani unasikia nini?"

"Nasikia njaa."

"Basi andika."

Mwanamke akaandika, barabara mbovu ikimrusharusha herufi, mtoto akishika karatasi isianguke.