Vidonge vya Siku ya Kikao

Hebu nitegulieni hiki, wajukuu: mtungi wangu umejaa pomoni, mdomo wake mkavu, na ukiuinamisha hautoi hata tone. Nini? Msijisumbue. Ni babu yenu, siku ile ya kikao cha ukoo.

Saa nne asubuhi nilimkuta kitandani, suruali mguu mmoja, anatunga uzi kwenye sindano. Uzi hakuna, sindano hakuna. Ushonaji wenyewe kauacha miaka sita iliyopita!

"Mzee, unashona nini?"

"Shika hapo, pindo linakimbia," akanikemea, ulimi mkavu kama kigae.

Mwili ulikuwa unachoma. Mkwe wangu akasema malaria, mimi nikasema uzee. Tulikuwa tunabahatisha tu.

Hospitali, daktari mmoja, binti mdogo tu, akammulika tochi machoni. Mboni zimetanuka, hazitaki kusinyaa. Akatia mkono kwapani.

"Bibi, joto lote hili na kwapa kavu? Anakunywa dawa gani?"

"Ya kumpunguzia safari za chooni. Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

"Basi amezidisha, na moyo unakwenda mbio mno, unaweza kumshinda. Babu, umemeza vingapi?"

"Mita mbili na nusu," akajibu babu yenu.

Jamani! Nilitamani kumzaba kofi huku nalia. Na kuhesabu vilivyobaki haiwezekani, maana bwana huyu humwaga dawa zake zote kwenye kopo la vifungo.

Wakamwekea mpira wa mkojo, mfuko ukajaa papo hapo. Wakamtundikia dripu, wakamfuta kwa maji, wakamchoma sindano ya kumtuliza. Kisha daktari akasukuma dawa ya kuipinga ile, taratibu, jicho kwenye kipimo cha moyo.

Alasiri akanijua.

"Mama watoto, kikao?"

"Kikao! Umetaka kunifanya mjane, unaniuliza kikao? Vingapi?"

Akajivutia shuka mpaka kidevuni.

"Babu, usinifiche," daktari akasema. "Dawa niliyokupa itaisha nguvu kabla ya vidonge vyako. Lazima nijue nikulinde mpaka lini."

Akaugeukia ukuta. Mimi nishachoka, nishapandwa na mori, nikamshika sikio kama mtoto.

"Sita," akasema. "Kikao kilichopita nilitoka kukojoa mara moja tu, nikarudi nikakuta wameshakubaliana kuuza nyumba ya mama. Leo nikasema sinyanyuki."