Vyuma vya Juu

Nimejenga miaka thelathini na moja, kutoka Malindi hadi Hola, na hakuna nyumba iliyowahi kuniomba cheti. Ndivyo nilivyomwambia Kadra siku alipofika Ndera kusimamia ujenzi wa zahanati. Alikuwa binti wa Kiorma, leseni yake ya uhandisi haijatimiza mwaka, na muhuri wake umegongwa kwenye kila ukurasa wa ramani. Mimi nilikuwa fundi mkuu. Nikawa namwita Injinia kwa ile sauti ya kumtania mtoto aliyevaa viatu vya babake. Yeye alicheka, akaniita Mzee Chengo, akaendelea kupima.

Zahanati ilisimama juu ya nguzo ili mto ukifurika watu wapate pa kupanda. Upande wa mtoni ilikuwa na roshani inayoning'inia, bila nguzo hata moja chini yake, mahali pa wagonjwa kushukia kutoka kwenye boti.

"Vyuma vya roshani vikae juu, Mzee, si chini," alinisisitizia. "Vikishuka, haitabeba watu."

Nikamjibu kwamba hayo niliyajua kabla mamake hajaolewa.

Siku ya kumwaga zege aliitwa mkutanoni Hola. Vijana wakawa wanapita na makarai, wanakanyaga vyuma, vyuma vinazama. Niliona. Lakini jua lilikuwa kali na zege lilikuwa linakaza, na kuvinyanyua kungesimamisha kazi nzima. Nikasema, "Twendeni tu." Kesho yake Kadra akaniuliza kama vyuma vilikaa juu. Nikasema vilikaa. Akasaini.

Ikapita miezi miwili. Mbao zikatolewa, roshani ikapakwa rangi, siku ya ufunguzi ikatangazwa. Ndipo Kadra akaja na pikapu iliyojaa magunia matupu.

"Kuna nini tena?" nikamuuliza.

"Nilisaini kitu ambacho sikukiona. Sina raha. Nataka tuipime roshani kwa uzito."

"Si nilikuambia vilikaa juu?"

"Uliniambia. Lakini sahihi ni yangu, Mzee. Inasema niliona mimi."

Nilipandwa na hasira. Nani alikuwa amelalamika? Hakuna ufa, hakuna barua, hakuna mkubwa aliyeuliza. Hata hivyo tulijaza mchanga kwenye magunia siku nzima, mimi nikinung'unika kuliko vijana wote. Yeye akasimamisha miti minene chini ya roshani, akiacha nafasi ya kidole juu yake, ili roshani ikivunjika idakwe. Halafu akafunga kifaa kidogo chenye uso wa saa na mshale mmoja mwembamba, kimegusa zege kwa chini.

"Nyale, panda roshani," akamwambia kijana mmoja, aliyekonda kweli kweli. "Mikono mitupu. Mzee, wewe tazama mshale."

Nyale akakanyaga ukingo. Mshale ukasogea. Akarudi nyuma. Mshale ukarudi.

Mwili ulinisisimka. Zege! Kitu nilichokichanganya kwa mikono yangu maisha yangu yote nikijua kwamba kikishakauka kimekuwa jiwe. Kumbe kila sakafu niliyowahi kumwaga ilikuwa ikipinda chini ya kila mtoto aliyepita, kisha ikijinyoosha, na mimi niliyeijenga sikujua. Nilimpandisha Nyale na kumshusha mara tano mpaka akaanza kulalamika. Kadra hakunicheka.

"Hata mimi nilipoliona mara ya kwanza chuoni, nilikataa kutoka maabara," alisema.

Tukapanga magunia. Kila gunia lilisogeza mshale. Yakalala juu hadi kesho yake, kisha tukaanza kuyashusha, na sote tukakusanyika chini kutazama. Mshale ukarudi kidogo kidogo. Ulipofika katikati ukasimama. Tukangoja. Nikauomba kimoyomoyo, nakiri, nikauomba kama mtu. Haukusogea tena; roshani ilibaki imepinda. Huko juu, pale roshani inapoungana na jengo, ufa mwembamba ulikuwa umekata rangi kutoka upande hadi upande.

"Vilikanyagwa," nikasema. "Niliviona vikizama. Nikakudanganya."

Kadra akaketi juu ya gunia. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Alitoa daftari, akaanza kuiandikia bodi ya wahandisi: kwamba alisaini kazi ambayo hakuikagua, kwamba roshani ibomolewe, kwamba ufunguzi usubiri.

"Watakunyang'anya leseni?"

"Wanaweza." Macho yake yalilowa, lakini mkono haukusimama. "Wallahi, babangu Galgalo ameitia kwenye fremu."

"Basi andika jina langu. Andika ni Chengo aliyesema uongo."

"Nimeandika. Lakini bodi haikujui, Mzee. Haina cha kukufanya."

Alisema kwa upole, hakukusudia kuniumiza. Ila neno lile lilinikaa kifuani. Miaka thelathini na moja nilijivunia kwamba hakuna wa kuniuliza. Na huyu binti alikuwa na kitu kimoja kikubwa maishani, kinachoweza kuchukuliwa, na alikuwa anakipeleka mwenyewe kwa wenye uwezo wa kukichukua, wakati roshani ilikuwa imepakwa rangi na dunia nzima imelala. Nilimtazama akiandika, nikamwogopa. Sijawahi kumwogopa mtu namna ile.

Halafu nikakumbuka "Twendeni tu" nyingine nilizowahi kusema.

"Nipe karatasi," nikamwambia.

Akachana moja. Nikaandika shule ya Chewele. Nikaandika gesti mbili za Hola. Kalamu ikasimama, nikailazimisha: Garsen, ghorofa ya pili, nyumba niliyomjengea binti yangu Mbodze. Roshani yake ndiyo anayoanikia nguo.

Kadra alisoma mpaka mwisho.

"Mbodze yuko nyumbani saa hizi?" akauliza.

Nikatoa simu, nikaanza kutafuta namba yake.