Hotuba na Supu ya Boga

Saa nne asubuhi, Mwaka Mpya wa 2025, Cheruiyot aliegesha gari mbele ya ghorofa moja kule North York, Kanada, akafunga tai akijitazama kwenye kioo cha gari, akamwambia mkewe kuwa Wahaiti wangefurahi sana kumwona Mkenya. Philomena alibeba chapati zake, akashuka. Alikuwa amezoea.

Aliyewaalika ni Mélissa, anayefanya kazi na Cheruiyot kwenye kiwanda cha mikate huko Brampton. Kila tarehe mosi Januari, siku ya uhuru wao, Wahaiti hunywa supu ya boga, kwa sababu enzi za utumwa mababu zao waliipika na kuipakua bila ruhusa ya kuionja. Kwa Mélissa supu hiyo ilikuwa na faida nyingine. Ikichemka, mama yake hutokea kwenye mvuke. Si kwamba mama amekufa. Yuko Port-au-Prince, na maombi yake ya kuja Kanada yana mwaka wa sita kwenye meza ya mtu. Mama hukaa mpaka supu ipoe, kisha hurudi. Mwaka juzi Mélissa aliacha jiko likiwaka ili amzuie, supu ikaungua, na mama akaondoka mapema akikohoa. Supu ya kupasha moto haileti mtu.

Safari hii kulikuwa na haraka. Mwezi Novemba magenge yaliwafukuza watu mtaani kwa mama, na simu yake haikupatikana tena. Mélissa alitaka kujua jambo moja tu: mama analala wapi siku hizi.

Mama alitokea saa nne na robo akiwa na kandambili miguuni. Alilalamikia baridi, akawabusu wageni wote mashavuni, akaketi. Sufuria ikaletwa mezani, na Mélissa akafungua mdomo aulize.

Hapo ndipo Cheruiyot aliposimama.

Haki ya Mungu, hakuwa na nia mbaya. Ni kwamba Mkenya akiona watu zaidi ya watatu na sufuria, hawezi kukaa bila kutoa neno, na huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati kanisani.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Nitachukua dakika mbili tu."

Mélissa alitaka kumkatiza, lakini mama akamshika mkono. "Mgeni akizungumza tunasikiliza. Nitafsirie."

Kwa hiyo kila sentensi ikasemwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kikrioli. Cheruiyot alimshukuru Mungu, mwenyeji na mkewe, akaeleza alivyotua Kanada na sanduku moja, hatimaye akafika kwenye habari za polisi wa Kenya waliopelekwa Haiti kupambana na magenge. Aliwaita "vijana wangu", ingawa hakuwahi kumfunza hata mmoja kupiga saluti.

"Muulize watafika kwetu lini," mama akasema.

"Hivi karibuni, Mama," Cheruiyot akajibu, kwa uhakika wa mtu aliyesoma kichwa cha habari tu. "Na kwa kumalizia..."

Akamalizia kwa dakika kumi na moja. Philomena alimvuta koti mara mbili. "Baba Calvin, keti, supu inapoa!" Alipoketi, watu wakapiga makofi.

"Mama, unalala wapi?" Mélissa akauliza juu ya makofi hayo.

"Kwa yule..." mama akasema, na kiti kikabaki kitupu.

Bakuli lake lilikuwa limejaa na kijiko kilikuwa safi. Alikuwa akingoja mgeni amalize.

Wageni wakala. Supu ilikuwa tamu hata ikiwa baridi. Mélissa alikirudisha kiti ukutani, akamwambia Cheruiyot kwamba hotuba ilikuwa nzuri, akiwa bado ameshika bakuli la mama. Cheruiyot aliona aibu, akairudisha chapati kwenye sahani.

Walipofika garini alimwandikia binamu yake Kiprono, mmoja wa polisi walioko Haiti: kuna mama wa rafiki yangu Port-au-Prince, tafadhali mtafute. Jibu liliingia wakiwa kwenye taa za barabarani, na Philomena akamsomea kwa kuwa Cheruiyot alikuwa anaendesha.

"Sawa, bro. Ako mtaa gani?"

Taa ikawa kijani. Mwenyekiti akabaki ameshika usukani, magari ya nyuma yakipiga honi.