Sahani ya Kwanza

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu fundi cherehani alifunga kibanda chake mapema, akamsindikiza mama yake kuchuma uyoga chini ya misonobari ya kando ya barabara kuu. Mtaa mzima ulimwita mama huyo Bibi Uyoga, na wala si kwa kejeli. Miaka arobaini amewalisha watu, na hakuna aliyewahi kulalamikia hata tumbo.

"Wewe shika kikapu tu," mama alimwambia binti yake. "Macho yako ni ya kutunga uzi kwenye sindano, hii kazi huiwezi."

Alichuma mmoja mnene, wa kahawia kama mkate, akaugeuza. Chini ya kofia hapakuwa na mistari iliyopangana kama kurasa za kitabu, ila vitundu vidogo vidogo kama vya sponji. Akaukata kwa kisu, akausogeza karibu na uso. Sheria yake ilikuwa hii: nyama ikibaki nyeupe, twende nao, ikigeuka buluu, tupa.

"Mweupe," akasema.

Wa pili vilevile, na wa tatu. Wa nne, buluu ilitanda kwenye mkato palepale, ikakolea kama wino.

"Mweupe," mama akasema.

Binti aliukodolea macho ule mkato wa buluu. Kwao, aliyechuma ndiye anayekula kwanza, peke yake, na wengine husubiri hadi kesho yake. Utotoni alikuwa akikesha akisikiliza kama mama bado anapumua.

Angeweza kuutoa kimyakimya. Lakini je, siku mama atakapokuja peke yake?

"Mama, huo ni wa buluu."

Mama aliupapasa kwa kidole gumba.

"Rangi zimenitoka machoni tangu mwaka jana," akasema. "Nikajiambia, nikikosea, si nitakosea kwenye sahani yangu mwenyewe?"

Binti alilia palepale kando ya barabara, malori yakipita. Mama alikifuta kisu kwa upindo wa nguo, akampa, kisha akamwaga kikapu chote chini.

"Tuanze upya. Chuma wewe, kata wewe."

Jioni mezani palikuwa na sahani moja. Mama aliisogeza mbele ya binti yake.

"Kumbe kusubiri ndiko kugumu hivi," akasema. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

Binti akachukua kijiko. Mama aliushika mkono wake mwingine, na hakuuachia.