Kitambaa cha Bluu Katika Mahindi

Damião alikuwa amelala kifudifudi kati ya mistari ya mahindi, mtutu wa bunduki ameuelekeza kwenye kilele cha mti wa umburana. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika ua wa miti, roho juu. Kulikuwa kunapambazuka. Juu ya mti alikaa arara mmoja tu. Wenzake walikuwa chini shambani, nikiwasikia wakipasua mahindi yetu kama watoto wanaotafuna miwa.

Yule wa juu alikuwa mlinzi. Kasuku hawa wakubwa wa bluu hawashuki kula bila kumwacha mmoja macho. Akipiga kelele, kundi zima hupaa. Damião alilijua hilo, ndiyo maana aliingia shambani kabla ya mwanga na kujifunika mabua.

Hasira yake niliielewa. Mwaka uliotangulia ukame ulitukaba koo, na bonde zima tukakata makuti ya licuri kulisha ng'ombe. Licuri ndiyo michikichi inayowalisha arara. Ng'ombe wetu walipona, arara wakakosa kokwa, na mvua ya Machi, ya Mtakatifu Yosefu, ilipotuletea mahindi, wakahamia kwetu. Mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Hatukuwa na kingine.

"Nampiga mmoja tu," Damião alikuwa amesema jioni iliyotangulia, tukinywa kahawa na mdogo wake, Genivaldo. "Yule wa juu. Wengine wakimwona anaanguka, hawatarudi."

"Na polisi wakija? Jirani alimpiga mmoja, mpaka leo mkewe anampelekea chakula gerezani."

"Sasa tule nini, Nalva? Tule hao polisi?"

Genivaldo akacheka. "Kaka, bunduki ya nini? Mpeleke shemeji shambani apige kelele. Kwa sauti ile, arara watadhani mama mkwe wao kaja!"

Tangu harusi yetu utani wake ulikuwa huohuo, kwamba kaka yake ameoa arara. Kila nilipowaita mbuzi, alijifanya anatafuta ndege angani. Siku nyingine ningemjibu akome. Jioni ile macho yangu yalikuwa kwa Damião, ambaye hakucheka. Alikuwa akiipaka bunduki mafuta.

Na sasa nilikuwa pale kwenye ua wa shamba, nikijua kwamba nikimwita jina atafyatua kwanza ndipo ageuke. Arara wa pili akapaa kutoka chini, akatua ubavuni mwa mlinzi, akaanza kumchokonoa manyoya ya shingo. Yule mlinzi akafumba jicho. Nitasema kweli: hadi dakika ile nilikuwa nikihofia mume wangu kufungwa, si ndege kufa. Ndipo nikawaonea huruma na wao, na huruma yenyewe ikaniuma.

Nikavuka ua, nikaingia kwenye mahindi. Bega la Damião likapanda. Bega lile nililijua, hupanda anapovuta pumzi ya mwisho kabla ya kufyatua. Nikaachama, nikatoa ukelele wa arara, kutoka tumboni, kama nilivyousikia tangu kuzaliwa kwangu chini ya majabali wanakolala.

Kundi likalipuka angani. Damião akashtuka, akabiringika, na mtutu ukafuata sauti mpaka kwangu. Katikati yetu kulikuwa na mabua tu, na kichwani nilikuwa nimejifunga kitambaa cha bluu.

Nikaliona tundu la mtutu. Nikakiona kidole chake. Nilitaka kusema ni mimi, lakini sauti ile iliyochekwa na ukoo mzima ilikuwa imenikauka. Nilichoweza ni kuinua mkono.

Akautazama ule mkono. Kisha akailaza bunduki chini taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Nalva? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sema tena."

"Ni mimi, Damião."

Akapiga magoti palepale mchangani, akatapika.

Bunduki aliitumbukiza kwenye kisima kilichokauka. Kila alfajiri nilikwenda shambani kupiga kelele, na tukaokoa kama nusu ya mahindi. Genivaldo hakuambiwa lolote. Aliendelea na utani wake, na kila alipouanza, Damião alitoka nje. Miaka ya baadaye watu wanaowatunza ndege hao walianza kuleta magunia ya mahindi kwa walioliwa mashamba, na miche ya licuri ikagawiwa. Hakuna aliyepanda mingi kuliko mume wangu.

Siku ya kwanza ya soko baada ya alfajiri ile, aliniletea kitambaa chekundu. Tangu hapo, kila Sikukuu ya Mtakatifu Yohane, kabla hatujawasha moto wa kuchomea mahindi, alinipa kitambaa: cha njano, cheupe, cha maua. Cha bluu hakuwahi kuninunulia.

Kiangazi kilichopita nilimzika. Sikukuu ilipofika bila kitambaa kipya, nilifungua sanduku, nikatoa kile cha zamani cha bluu, nikajifunga, nikaenda shambani. Mlinzi alikuwa juu ya umburana. Akaniinamishia kichwa, akanitazama sana. Nilingoja apige kelele. Hakupiga, na wenzake chini wakaendelea kula.

Nikakaa kando ya ua, nikalia kimyakimya, nisije nikawatimua.