Nipe Mji, Lakini Si Kivuleni

Najilaza kidogo tu kwenye kochi, namwambia Shangazi Sikudhani kwenye simu, naye ananijibu kwamba kidogo changu anakijua, yeye ndiye aliyenilea. Yuko njiani na kapu la zawadi, anakwenda Kivuleni, pembezoni kabisa mwa jiji, nyumbani kwa Mzee Chande. Saa kumi leo natakiwa niwe nimeketi mbele ya mzee huyo, nijitambulishe kama mchumba wa binti yake, Tunu. Na Mzee Chande ana ugonjwa mmoja: mchumba akichelewa, hamfungulii mlango. Wawili wameshageuzwa barazani, sherehe zao zikaishia kwenye kapu. Shangazi anataka nije na teksi kama watu. Mimi nina baiskeli mpya ya tairi nyembamba, na njia ya lami ya baiskeli imekamilika kutoka mjini mpaka Kivuleni, imenyooka, haina foleni. Ukweni hakuendwi na baiskeli, anasema, na hiyo taiti yako ndiyo hata usinitajie. Nitabadili nikifika, Shangazi, suruali iko kwenye begi. Nakata simu, nafumba macho nikiwa nimeshaivaa taiti yenyewe, feni inazunguka juu yangu, inazunguka, na miguu yangu inaanza kuzunguka nayo.

Nasukuma mlango wa chumba changu, na nje hakuna ua wala ndoo za mama mwenye nyumba, kuna lami. Njia yenyewe! Nyeusi, laini, ina mstari mweupe katikati na kila baada ya hatua chache imechorwa baiskeli. Napanda, nakanyaga, upepo unaingia masikioni, nasema moyoni teksi na ikae na foleni yake. Kibao kinasema Kivuleni, mshale mbele. Napita mjini, naingia mashambani, natoka mashambani, naingia mjini, mji ule ule, ila umegeuka: kinyozi aliyekuwa kulia yuko kushoto, maandishi ya kibao chake yanasomeka kinyumenyume, na mteja ndiye anayemnyoa kinyozi. Katikati ya njia, juu kabisa ya baiskeli iliyochorwa, mama mmoja ameweka jiko anachoma vitumbua. Mama, hii ni njia ya baiskeli, namwambia. Anageuza kitumbua bila kuniangalia. Baiskeli yenyewe nimeikuta imelala, anasema, sasa wewe unamsumbulia nani? Nanyanyua baiskeli yangu begani, nazunguka jiko, naendelea. Mbele turubai la harusi limefunga njia nzima kama kawaida yetu, napita katikati ya wageni, napewa soda, natunza bi harusi, natoka upande wa pili, na kibao bado kinasema Kivuleni, mshale mbele.

Ndipo nafikiwa na huyu mtu. Anakuja kwa nyuma, taratibu, kama hakanyagi, na helmeti nyekundu na miwani myeusi, na tukiwa sambamba anavua miwani, chini yake hakuna kitu. Hakuna macho, pua, wala mdomo, pamekuwa laini kama yai lililomenywa. Nashtuka, lakini mwenye haraka hachagui wa kumuuliza. Kaka, Kivuleni ni mbali? Anasema, sijui kwa kutumia nini: Kitendawili! Nami, Mungu anisamehe, kabla sijafikiri nasema: Tega! Kwani aliyelelewa na Shangazi Sikudhani atasikia kitendawili asijibu tega? Anasema: Nikisimama naanguka, nikikimbia nasimama. Nafikiri kwa pupa huku nakanyaga. Mlevi? Siyo. Pia ya watoto? Inakaribia, lakini siyo. Mchumba wa Tunu? Anacheka, siyo. Basi nipe mji, anasema. Na hapo ndipo ninapofanya upumbavu wangu. Watu wenye akili hutoa Tabora, hutoa Tanga, miji ya mbali ambayo haiwagusi. Mimi kichwani nina mji mmoja tu tangu asubuhi. Chukua Kivuleni, nasema. Anafurahi mpaka helmeti inatikisika. Nimekwenda Kivuleni, anasema, nimekaribishwa, nimekula wali kwa kuku, nimepewa Tunu, nimerudi. Jibu ni baiskeli.

Naangalia nilichokalia, nasikia aibu mpaka miguuni. Lakini yeye ameshanyoosha mkono, anaukunja mtaa mzima wa Kivuleni kama mkeka, nyumba juu ya nyumba, anausokomeza kwenye mfuko wa nyuma wa fulana yake. Tangi la maji la Mzee Chande, lile jeusi la juu ya paa, limechungulia nje ya mfuko. Vibao vyote sasa vinasema Mjini, mshale mbele, mshale nyuma. Namfukuza. Naomba, kaka, nirudishie, chukua Tabora, chukua Bukoba na kahawa yake yote. Anasema mji hauombwi, unategwa. Namtega. Nyumba yangu haina mlango! Yai, anajibu hata sijameza mate. Kila niendapo ananifuata! Kivuli. Ninapotazama kushoto na kulia wamekuwa kundi, helmeti nyekundu mstari mzima, nyuso za mayai, na kila ninachotega wanajibu kwa pamoja kama darasa la kwanza. Vitendawili vya shangazi vinaniishia. Mapaja yanawaka moto, na mfukoni mwa yule wa kwanza nasikia sauti ya Tunu, ndogo, imekasirika: We, uko wapi? Baba ameshaangalia saa, amesimama! Nataka kulia, na nalia kweli, huku nakanyaga. Machozi yananishuka usoni, nayafuta kwa kiganja, yanashuka tena, na nikiwa nafuta nawatazama wale mayai wakavu, nasimamisha miguu ghafla.

Kitendawili, nasema. Tega, wanaitikia wote. Nasema: Nimezaliwa nacho, nakilisha na kukiosha kila siku, lakini wenzangu wanakiona kuliko mimi. Baiskeli zote zinapunguza mwendo. Mmoja anapapasa magoti, mwingine kisogo. Yule wa kwanza anapeleka mkono mbele ya helmeti, hakuti kitu, anaushusha. Hatuna, anasema polepole. Basi nipe mji! namwambia. Chukua Tabora. Huo sitaki. Chukua Bukoba. Nilikupa ukaukataa, kaa nao. Anainama, anatoa Kivuleni mfukoni, anaukung'uta, unatandazika mbele yangu na mbwa wake wanaobweka na vumbi lake na tangi jeusi juu ya paa. Jibu ni uso, nawaambia, na naingia kwa kasi. Sema yote, anapiga kelele nyuma yangu, mji bila maneno yake si wako! Sawa. Nimekwenda Kivuleni, nasema, nimekaribishwa, nimekula wali kwa kuku, nimepewa Tunu. Na nime? wanauliza kwa pamoja. Malizia, na nime? Najua neno wanalolisubiri. Nikisema nimerudi nitarudi, na huko nyuma kuna mji tu pande zote mbili. Breki hazikamati, ukuta wa Mzee Chande unakuja, nafumba macho. Na nimekaa! nasema.

Nafumbua macho nikiwa kwenye kochi. Si kochi langu. Shangazi Sikudhani amenitupia kanga miguuni kuificha taiti, na ananitazama kwa jicho ambalo najua tutakutana nalo nyumbani. Mbele yangu kuna sahani, mifupa ya kuku mitupu, na njaa inaniuma kama sijala tangu jana. Mzee Chande ameketi kiti cha pili, ana macho, ana pua, ana masharubu, namhesabia vyote. Shikamoo baba, nasema. Marahaba mwanangu, pole na safari, kula kumekuchosha, anasema, na anacheka. Tunu anakuja kuondoa sahani, anainama karibu. Baba kakubali, ananong'ona, umefika saa kumi kamili, kakupenda kwa hilo. Lakini na wewe! Umekula chakula chote na helmeti na miwani, mgongo umeupa dirisha, hata ukiombwa huvui. Uso wako tumeuona uliposinzia.

Najishika uso. Upo, wote, una jasho. Sasa, anasema Mzee Chande, jua lisije likakuzamia, rudi mjini mapema ukajiandae, tutapanga siku. Watu wote wananitazama. Dirishani naiona baiskeli yangu imeegemea ukuta chini ya tangi jeusi, na pembeni yake imeegemea nyingine. Baba, nasema, naomba kama hamtajali nikae kidogo. Na kama wali upo, naomba tena. Shangazi anajifunika uso kwa mtandio. Mzee Chande anacheka mpaka masharubu yanacheza, anampa Tunu ishara anipakulie. Kaa mwanangu, anasema, mji ni wako. Nakaa. Nakula. Nje kengele ya baiskeli inalia, inalia tena kwa subira, nami nauliza kama kuna pilipili.